Bitana ya Gari: Kutoka Mshono hadi Gundi

Wapenzi wa lugha, neno ninalolileta barazani leo ni bitana. Wazee wa pwani walilitumia kwa nguo: kanzu ya bitana, joho la bitana, koti lenye bitana ya hariri. Ni kitambaa cha ndani, kile ambacho mvaaji hukihisi na mtazamaji hakioni. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lilelile lililotupa batini, yaani kilichofichika, na ambalo kwa Waarabu ndilo lenye neno la tumbo. Nataka kulitoa neno hili katika sanduku la mshonaji na kulipeleka mahali ambapo wengi wetu huliona jambo lenyewe bila kulitaja kwa jina: juu ya vichwa vyetu, ndani ya gari.

Mwenye gari la umri wa miaka 20 huenda anaijua hali hii. Kitambaa cha dari huanza kuachia kwenye kona ya nyuma, au pembeni mwa taa ya ndani. Kinatokea kiputo kidogo ambacho mtu hukibonyeza kwa kidole kikarudi. Baada ya miezi michache kiputo kimekuwa shuka lililoshuka, linagusa nywele za abiria, na dirisha likifunguliwa linapepea kama tanga lisilo na foromali. Dereva akitazama kioo cha kuonea nyuma haoni barabara, anaona kitambaa. Akikisukuma juu kwa mkono, vumbi la rangi ya kahawia linamwangukia mabegani. Mafundi wa mitaani husema rufu imeshuka, au silingi imeachia. Mwenye gari husema gundi imekufa.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Kiswahili kina neno kitambi, ambalo makamusi ya zamani hulieleza kuwa ni kipande cha nguo ya kujifunga, na hapohapo kuwa ni tumbo lililojitokeza. Bitana iliyolegea ni kitambi kwa maana zote mbili. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyolitayarishia jambo hili dogo neno linalolifaa hivyo, lakini turudi kwenye historia, maana ndiyo itakayotuonyesha kwamba kauli ya "gundi imekufa" ina kasoro. Kwa kawaida kinachokufa ni kitu kingine, na asiyekijua atatengeneza dari yake mara tatu na kuiona ikishuka mara tatu.

Gari ni neno la Kihindi, nalo lilifika kwetu kabla ya injini. Lilitumika kwa chombo cha magurudumu kilichovutwa na mnyama au mtu, likahamia kwenye gari la moshi reli ilipojengwa, ndipo likatua kwenye motokaa. Safari ya neno inafanana na safari ya kitu chenyewe, kwa kuwa motokaa za mwanzo za Ulaya na Marekani zilijengwa kwa ufundi wa magari ya farasi. Karakana zilikuwa na maseremala wa mbao, wahunzi, wapaka rangi, na mafundi wa ngozi na vitambaa. Hawa wa mwisho ndio waliokuwa wakishona matandiko ya viti, kuvika milango, na kupigilia kitambaa cha sufi chini ya paa la gari la bwana mkubwa.

Hata hivyo, magari mengi ya watu wa kawaida hayakuwa na dari kwa sababu hayakuwa na paa. Ford ya Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, kwa miaka mingi ilinunuliwa zaidi ikiwa ya wazi, na turubai la kukunja kwa siku za mvua. Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mwaka 1919 magari yaliyofunikwa yalikuwa kiasi cha asilimia 10 tu ya soko la Marekani, na mwaka 1927 yalikuwa yamefika asilimia 85. Mabadiliko ya namna hiyo katika miaka minane si madogo. Kampuni ya Hudson ilichangia sana, maana gari lake la Essex lenye paa lilishushwa bei hadi, kufikia mwaka 1925, likawa rahisi kuliko Essex ya wazi. Tangu hapo paa halikuwa tena fahari ya tajiri, na chini ya kila paa palihitajika bitana.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba paa lenyewe wakati huo lilikuwa nguo. Mashinikizo ya viwandani yaliweza kukunja bati la mlango na la boneti, lakini bati pana lisilo na kiungo, la kutosha kufunika gari zima kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, halikupatikana kwa urahisi. Basi katikati ya paa paliachwa wazi, pakawekwa mbao nyembamba, juu ya mbao pakatandazwa pamba, na juu ya pamba kitambaa kizito kilichopakwa dawa ya kuzuia maji. Mwaka 1934 General Motors ilitangaza paa la chuma kitupu kwa magari yake ya mwaka 1935, ikaliita Turret Top. Kwa hiyo, kwa muda wa kizazi kizima, msafiri wa gari lililofunikwa alikaa chini ya nguo mbili: moja ya nje ya kupambana na mvua, nyingine ya ndani ya kupendeza macho.

Paa la chuma lilipokuja, nguo ya nje ikaondoka, lakini ya ndani ikawa ya lazima kuliko kwanza. Bati tupu hupiga kelele kama ngoma, huwaka moto juani, na asubuhi ya baridi hutoa jasho linalodondoka. Swali lilikuwa: kitambaa kitashikwaje na bati ambalo halipigiliki misumari?

Jibu la mafundi lilikuwa zuri, nami naliona kuwa zuri hadi leo. Walichukua vyuma vyembamba vya mviringo, kama waya mnene, wakavipinda kufuata umbo la paa kutoka ubavu hadi ubavu. Kila gari lilikuwa na pinde tatu, nne au tano. Upande wa nyuma wa kitambaa walishona mifuko mirefu myembamba, mfano wa upindo wa suruali unaopitishwa utepe, na katika kila mfuko wakapitisha upinde mmoja. Ncha za pinde ziliingizwa katika matundu ya fremu pande mbili. Kisha kitambaa kilivutwa mbele, nyuma na pembeni hadi kikanyooka, na kingo zake zikashikwa kwa gundi, kwa vibanio au kwa ukingo wa chuma wenye meno. Volkswagen ya mgongo wa mviringo ilikuwa na dari ya namna hiyo. Kadhalika Mini ya Waingereza iliyotoka mwaka 1959. Katika miaka ya 1960 kitambaa cha sufi kilianza kuachia nafasi plastiki laini yenye vitundu vidogo, iliyooshwa kwa maji na sabuni, lakini pinde zilibaki zilezile.

Mtu wa pwani akiivua dari kama hiyo na kuitazama mifupa yake, ataiona jahazi iliyopinduliwa. Zile pinde ni mataruma. Na akiitazama kwa jicho la mwashi ataiona nyumba ya mawe ya Lamu au ya Unguja, ambako boriti za mikoko hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na dari nzima hutegemea urefu wa boriti. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, mita 2 na nusu hadi 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo bila kulalamika. Katika zote mbili, uzito una njia yake: kutoka kwenye kitu kinachofunika, kwenda kwenye kitu kinachobeba, hadi kwenye ukuta. Dari ya pinde hailali juu ya imani ya kunata. Ikichanika, inashonwa. Mshono ukifumuka, unaona umefumukia wapi. Kitambaa kikichakaa chote, fundi huvua cha zamani, hukifumua vipandevipande, hukitumia kuwa kipimo cha kukatia kipya, na zile pinde za kwanza hurudi mahali pake zikiwa na namba zake, maana kila upinde una mkunjo wake na haukubali kubadilishana na mwenzake.

Mshono una heshima ya kale katika bahari yetu. Yule mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza aliyeeleza safari za Bahari ya Hindi aliutaja mji wa Rhapta na kusema kuwa jina lake lilitokana na vyombo vya kushonwa. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, ulidumu katika visiwa vya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Siutaji mtepe ili kuipamba makala. Nautaja kwa sababu watu walioujua walielewa jambo ambalo viwanda vililisahau: kiungo kilichoshonwa hufumuka mahali pamoja na hutoa ishara kabla hakijaachia chote.

Na sasa tufike Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Mkemia Otto Bayer na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya I.G. Farben, waligundua njia ya kuunganisha kemikali za aina mbili na kupata jamii mpya ya plastiki iitwayo poliurethani. Baada ya vita, katika miaka ya 1950, plastiki hiyo ilianza kutengenezwa ikiwa imejaa mapovu, laini, ikibonyezwa inarudi. Ndiyo sponji ya magodoro yetu na makochi yetu. (Kiswahili kilikuwa na sifongo tangu zamani, yule wa baharini. Sponji alipokuja dukani akamfukuza mwenzake bila kumuuliza.)

Wenye viwanda vya magari waliona katika sponji nyembamba dawa ya matatizo yao yote. Kitambaa kilichobandikwa sponji kwa nyuma kinajaa mkononi, kinameza sauti, kinazuia joto, na kinaficha mabonde ya kitu kilicho chini yake. Hivyo basi, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kwa kasi katika miaka ya 1980, pinde zilianza kutupwa. Mahali pake paliwekwa ubao mwepesi uliokandamizwa katika umbo la paa, wa nyuzi za kioo au wa makaratasi yaliyoshindiliwa. Juu ya ubao ikapakwa gundi, juu ya gundi ikalazwa sponji ya milimita chache, na juu ya sponji kitambaa chembamba cha nailoni. Dari nzima ilifika kiwandani ikiwa kipande kimoja, ikaingizwa kupitia uwazi wa kioo cha mbele kabla kioo hakijafungwa, ikabanwa kwa taa, vishikio na vizuia jua. Kazi iliyomhitaji fundi mshonaji na mikono yake sasa iliweza kufanywa na mtu yeyote kwa dakika chache. Siwalaumu waliopima faida hiyo. Nasema tu kwamba katika hesabu yao umri wa gari uliishia mapema kuliko umri wa gari unavyoishia kwetu.

Kitambaa hushikanaje na sponji yake? Njia iliyoenea ni ya moto. Uso wa sponji hupitishwa mbele ya ndimi za moto kwa kitambo kidogo tu, ukayeyuka na kunata, na papo hapo kitambaa kikakandamizwa juu yake kwa magurudumu. Hakuna gundi ya ziada. Sponji yenyewe ndiyo gundi. Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Poliurethani ya mapovu ina koo mbili kubwa, moja ya poliesta na nyingine ya polietha. Ile ya poliesta hunata vizuri zaidi kwa njia ya moto, kwa hiyo ilipendwa kwa kazi hii. Lakini viungo vya poliesta ndivyo vinavyovunjwa na maji. Si lazima maji ya mvua. Unyevu wa hewa unatosha, ukisaidiwa na joto. Kila kiungo kinachovunjika huacha asidi, na asidi hiyo huharakisha kuvunjika kwa kiungo cha jirani, hata mwisho wake kile kilichokuwa sponji kinakuwa unga unaonata kidogo, wa rangi ya kahawia. Wahifadhi wa makumbusho wanaujua vizuri ugonjwa huu, maana umewaharibia viti, wanasesere na sanamu za karne iliyopita.

Kwa hiyo gundi iliyo kati ya ubao na sponji mara nyingi ingali hai. Kitambaa nacho ni kizima, pengine hakina hata doa. Kilichokufa ni tabaka la kati, lile lisiloonekana, bitana ya bitana. Nalo halifi mahali pamoja kama mshono unavyofumuka. Sponji yote ya dari ilizaliwa siku moja, imekula joto lilelile na unyevu uleule, na hufikia mwisho wake karibu kwa pamoja. Kona ya nyuma ni ya kwanza tu kusema.

Magari ya Ulaya ya miaka ya 1980 na 1990 yana sifa mbaya katika hili. Saab 900, Volvo za 740 na 940, na Jaguar za XJ zinajulikana na wapenzi wake ulimwenguni kwa dari zinazoshuka, ingawa nyingi ziliishi katika nchi za baridi. Sasa chukua ugonjwa unaopenda joto na unyevu, uulete Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, uegeshe gari juani mchana kutwa madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya ndani hupita nyuzi 50, na bati lililo juu ya dari huwa la moto kuliko hewa. Magari mengi tunayoyanunua yametumika Japani kabla ya kupanda meli. Kenya huzuia kuingizwa kwa gari la umri unaozidi miaka 8, lakini hilo ni la siku ya kuingia bandarini. Baada ya hapo gari huishi nasi miaka 15, 20, na zaidi, likibadilishwa kila kitu isipokuwa namba ya fremu. Sponji haikuahidiwa maisha hayo.

Hebu sasa tuangalie namna watu wanavyoitibu. Ya kwanza ni pini. Zipo za mshonaji, zipo za ubao wa matangazo, na zipo zile zenye mkunjo kama kizibuo, zinazozungushwa hadi zikashika. Zinanunua miezi kadhaa, nazo huifanya dari ionekane kama godoro la kizamani lenye vifungo. Sizicheki, mwalimu wa shule anayesubiri mshahara ana haki ya kutumia pini. Ya pili ni gundi ya kupuliza, inayopenyezwa kwa bomba la sindano au kupuliziwa nyuma ya kitambaa kupitia ukingo ulioachia. Hii ndiyo inayowaudhi wenye magari, kwa sababu jioni ya kwanza hupendeza. Gundi imeshikana na unga, na unga haukushikana na kitu. Wiki ya pili kitambaa kimerudi chini, safari hii kikiwa na madoa ya manjano yasiyofulika, na kile ambacho kingeweza kufaa kuwa kipimo cha kukatia kimekuwa gamba.

Fundi mmoja wa makochi, kijana wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho, alilieleza jambo hili kwa ufupi ambao sijaweza kuushinda. Alikisukuma kitambaa kwa kiganja, akakiacha kikashuka, akaniambia, "Mwalimu, hapa hakuna ugonjwa wa gundi. Hapa hakuna kitu cha kugundishwa." Nilipofika nyumbani niliifunga kauli yake katika ubeti, kwa desturi yetu ya kuweka mafunzo ya kazi katika vina ili yasisahaulike:

Bitana imelegea, yaning'inia kichwani,
Sponji imeteketea, imekuwa vumbi ndani,
Gundi ukiongezea, haishiki asilani,
Fundi teremsha chini, kwangua hadi ubao.

Kituo cha ubeti ndicho kazi yenyewe. Ubao wa dari hauna budi kushushwa. Vizuia jua, vishikio, taa na vifuniko vya nguzo hufunguliwa, mpira wa milango huvutwa, na ubao hutolewa kwa mlango wa nyuma bila kukunjwa kwa nguvu, maana ukivunjika katikati mkunjo ule utaonekana daima. Hapa niseme kwa mkazo kwa wenye magari ya karibuni: mengi yana mifuko ya hewa ya usalama iliyokunjwa kandokando ya paa, nyuma ya vifuniko hivyohivyo. Asiyeijua asiiguse. Betri itenganishwe mapema, kitabu cha gari husika kifuatwe, na dari mpya isigundishwe wala kushonwa kwa namna itakayoizuia mifuko hiyo kufunguka.

Kitambaa cha zamani huvuliwa kama ngozi ya ndizi, bila taabu, kwa kuwa hakijashikwa na kitu. Kinachobaki juu ya ubao ni ule unga. Uondolewe wote kwa brashi ngumu, nje penye hewa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Nasema wote. Hii ni kazi ya saa nyingi na haina sifa, na ndiyo inayorukwa na fundi mwenye haraka. Kila palipoachwa unga ndipo kiputo kitakapozaliwa. Brashi ya waya hukwaruza ubao na kuuchimba mashimo, na mashimo hayo yataonekana juu ya kitambaa kipya; ya nyuzi ngumu za plastiki inatosha. Ubao wenye nyuzi za kioo huwasha ngozi, hivyo mikono mirefu na glovu si anasa.

Kitambaa kipya kiwe na sponji yake nyuma. Wengi hujaribiwa kununua kitambaa kitupu kwa sababu ni rahisi, lakini gundi hupenya na kuacha ramani za mabara upande wa mbele, na kila kovu la ubao huonekana. Tena kiwe kitambaa cha magari. Marekani ina kanuni ya usalama namba 302, iliyoanza kutumika Septemba 1972, inayotaka vitambaa vya ndani ya gari, dari ikiwamo, visiungue kwa mwendo unaozidi milimita 102 kwa dakika. Kitenge ni kizuri, na nimeona dari za kitenge zilizonifurahisha macho, lakini nguo nyepesi ya pamba juu ya vichwa vya watoto, karibu na waya za taa, si jambo la kuchukuliwa kama pambo tu.

Gundi iwe ile inayovumilia joto. Gundi ya magodoro, na zile za kawaida za viatu, hulainika juani, na dari iliyopandishwa Julai huteremka Februari. Ubao hulazwa juu ya meza, kitambaa hutandazwa juu yake kikiwa kimezidi pande zote, kisha hukunjwa nusu. Gundi hupakwa nusu ya ubao na nusu ya mgongo wa sponji, tabaka jepesi lililoenea, na huachwa hadi ikiguswa kwa kidole inanata bila kulowesha. Ndipo kitambaa huteremshwa kwa kiganja kutoka katikati kwenda kingoni. Penye bonde, kwa mfano pembeni mwa taa na vizuia jua, kitambaa hubembelezwa kiingie. Kikivutwa kama ngozi ya ngoma kitaruka bonde, na baada ya wiki kitaachia hapohapo. Nusu ya pili hufuata. Kingo hukunjwa nyuma ya ubao na kugundishwa, matundu ya taa na vishikio hukatwa kwa mkato wa msalaba, na kazi huachwa ilale usiku mmoja kabla ya kurudi garini.

Je, dari hiyo mpya itaishi milele? Haitaishi. Sponji mpya nayo ni sponji, ingawa mtu akipata yenye asili ya polietha amejiongezea miaka mbele ya unyevu. Viwanda vyenyewe vimeanza kulikwepa tatizo: magari mengi ya bei nafuu ya sasa yana dari ya nyuzi zilizosokotwa kwa sindano, mfano wa zulia jembamba, zilizobanwa moja kwa moja kwenye ubao bila sponji katikati. Haipendezi mkononi, lakini haina cha kuoza. Na dari za pinde bado zinashonwa kwa wenye Volkswagen na Mini za zamani, kwa vipimo vilevile vya zaidi ya nusu karne.

Limebaki suala la majina, ambalo pengine ndilo lililowaleta wengi wenu hapa. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwaambia wanafunzi wangu kwamba istilahi bora mara nyingi tayari imo sandukuni, imekunjwa, inasubiri kazi. Kwa kitambaa hiki napendekeza bitana, au bitana ya dari panapohitajika kutofautisha na bitana ya milango. Kwa zile pinde za chuma napendekeza mataruma, kwa kuwa upinde una kazi nyingi mno na taruma lina umbo na dhima ileile, na tayari lilikwisha kutoka jahazini likaenda kulala chini ya reli. Kwa ubao uliokandamizwa sina neno lililonitosheleza. "Ubao wa dari" unaeleweka, lakini hauelezi lile umbo lake. Nimesikia mafundi wawili wakiuita "ganda", na nikiri kwamba neno lao limenipendeza kuliko langu. Msomaji wa Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi aliyesikia karakana za kwao zikiuita kwa jina jingine, na aniandikie pamoja na jina la mtaa alikolisikia.